Mfungwa Asiyekumbuka Kosa Lake

Gerezani mambo huenda kwa amri: simama, chuchumaa, panga foleni, rudi seli. Mfungwa mzee mwenye demensia, maradhi yanayomla mtu kumbukumbu na uelewa, huisikia amri ikampotea kabla hajainuka. Askari asiyeyajua maradhi hayo huona ukaidi, na mzee akaadhibiwa kwa kuugua.

Mwaka 2009 gereza la California Men's Colony, nchini Marekani, lilianza kuwakabidhi wazee wa aina hiyo kwa wafungwa wenzao. Wahudumu hao, baadhi yao wauaji wenye vifungo vya maisha, huchaguliwa kwa nidhamu na kupewa mafunzo. Huitwa Gold Coats kwa sababu ya makoti yao ya manjano. Humwogesha mzee, humnyoa, humsindikiza kwa daktari, na humlinda dhidi ya wajanja wanaonyemelea chakula chake. Mwaka 2012 gazeti la New York Times liliripoti kuwa walilipwa dola 50 kwa mwezi. Kwa msomaji anayemjua nyapara, mfungwa anayewasimamia wenzake, Gold Coat ni mfungwa wa namna nyingine kabisa.

Kazi yao ni njema. Lakini haijibu swali la msingi: mzee huyo bado anafanya nini gerezani?

Swali linalokaribiana na hilo liliifikia Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Vernon Madison, aliyehukumiwa kifo kwa kumuua polisi katika jimbo la Alabama mwaka 1985. Viharusi vilimwachia demensia, na mawakili wake wakasema hakulikumbuka tendo hilo. Februari 2019 majaji waliamua kuwa kusahau kosa peke yake hakuzuii adhabu ya kifo, ila demensia inaweza kuzuia ikiwa imemfanya mtu asielewe kwa nini anauawa. Madison alifia gerezani mwaka uliofuata.

Ikiwa uelewa ni sharti la kumuua mtu, kwa nini usiwe sharti la kuendelea kumfunga?

Jibu la kawaida ni kwamba wazee hao hawana pa kwenda: jamaa wamekufa au wamewatupa, na nyumba za wazee huwaogopa. Hofu hiyo ipo kweli. Jimbo la Connecticut lilipopanga kuwahamishia wafungwa wagonjwa kwenye nyumba ya uuguzi ya 60 West, mji wa Rocky Hill ulikimbilia mahakamani kuizuia. Hata hivyo nyumba ilifunguliwa mwaka 2013, ikapokea wagonjwa hao. Majimbo mengine yaanzie hapo, na makoti ya manjano yabaki kwa wale ambao bado ni hatari kuwaachia.