Amanegeka na Riziki

MTAZAMO WA WIKI
Na Hamisi Ndayisenga

Kila mvua za itumba, yaani masika, zinapokaribia, neno moja hushika redio na mikutano ya mitaani hapa Kigali: amanegeka. Ndilo neno la Kinyarwanda kwa mahali pasipofaa kukaliwa, hasa ile miteremko mikali ya Gatsata, Kimisagara na Gitega, ambako udongo ukishiba maji huporomoka na nyumba zilizo juu yake. Nyamirambo, tunakozungumza Kiswahili, tunasema maeneo ya hatari. Wataalamu wa mipango miji huandika risk, au risque kwa waliosomea Kifaransa, na neno hilo huishia kuwa rangi nyekundu kwenye ramani.

Neno hilo la wataalamu lina historia ambayo ramani haiionyeshi, na historia yenyewe inamhusu mkazi wa Gitega kuliko inavyomhusu mchora ramani.

Lilizaliwa bandarini. Katika karne ya 12, waandishi wa mikataba wa Genoa waliandika kwa Kilatini chao resicum, wakitaja ni nani atakayebeba hasara endapo mzigo utazama. Kabla ya hapo lilitoka wapi, wanaisimu hawajapatana mpaka leo. Wapo wanaosema lilikuwa neno la mabaharia kwa jabali linalovunja merikebu, na Kihispania bado kinaita genge lenye ncha risco. Wengine wanalirudisha kwenye Kiarabu rizq, yaani riziki hii hii tunayoiomba kila alfajiri. Na rizq lenyewe linadhaniwa kutoka Kiajemi cha Kati, katika neno lililohusu chakula cha siku.

Ugomvi wa wanaisimu nawaachia wenyewe. Ninachokiona ni kwamba nadharia zote mbili zinakaa Kimisagara. Jabali lipo, riziki ipo, na mtu amejenga katikati.

Hata hatari, neno letu, limepungukiwa njiani. Katika Kiarabu cha zamani, khatar ilikuwa pia dau, kitu kinachowekwa mezani na washindani ili mshindi akichukue. Kiswahili kilipokea madhara, kikaliacha dau. Ndiyo maana tukisikia mtu anakaa mahali pa hatari, twamwona mkaidi au asiyejua, na hatuulizi ameweka dau gani na alitaraji kupata nini.

Tuulize basi. Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt aliweka kituo chake hapa juu ya kilima, na Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962 Kigali ilikuwa mji wa watu elfu chache. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.7. Vilele na miteremko ya taratibu vilichukuliwa mapema na wenye uwezo. Aliyefika baadaye bila fedha alikuta nafasi mbili tu: juu ya mteremko mkali au chini kwenye bonde lenye maji. Mzunguzayi, yaani mchuuzi wa mitaani, anayetaka kuwa kituoni Nyabugogo kabla mabasi ya mikoani hayajaondoka hawezi kupanga mbali huko nje ya jiji, kwa sababu nauli itakula faida yote ya kapu lake. Fundi wa gereji, kibarua wa sokoni, mama anayefua nguo za watu, wote wamepiga hesabu hiyo hiyo. Wanajua mteremko ulivyo kuliko ofisa anayekuja kuwaelimisha, maana usiku wa mvua kubwa wao hawalali.

Sisemi kwamba waachwe pale. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulivunja kingo zake kule Rubavu, milima ikaporomoka Karongi, Rutsiro, Nyabihu na Ngororero, na zaidi ya watu 130 wakapoteza maisha nchini. Wengi walikuwa wamelala majumbani mwao. Serikali inayoona mteremko umelegea kisha ikanyamaza ingekuwa na damu mikononi. Anayehamishwa akiwa hai bado ana kesho, na hilo silibishii hata kidogo.

Ninachobisha ni hesabu ya upande mmoja. Mwanasosholojia Mjerumani Niklas Luhmann, katika kitabu chake cha 1991 kuhusu risk, alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi twavichanganya. Baya linalotokana na uamuzi wako mwenyewe ndilo risk. Baya linalokujia kwa uamuzi wa mwingine, hilo kwako ni hatari tupu. Tena aliona kwamba mara nyingi vyote viwili ni kitu kimoja kikitazamwa kutoka pande mbili: mmoja anaamua na kutaraji faida, mwingine anaangukiwa.

Pwani yetu inajua jambo hili tangu zamani. Karne ya 19 huko Zanzibar, tajiri Taria Topan alimkopesha mfanyabiashara Tippu Tip mali ya kupeleka misafara bara. Safari ikiharibika, Topan alipoteza fedha. Walioanguka njiani walikuwa wapagazi na watu waliofungwa minyororo, ambao hawakukaa upande wowote wa ule mkataba.

Hapa Kigali ufuate mfereji. Maji yanayobomoa ukuta wa Gitega hayakunyesha yote Gitega. Yalianza juu, kwenye mapaa makubwa, maegesho yaliyosakafiwa na barabara za lami, yakakusanyika kwenye ruhurura, ule mfereji mkubwa, ya Mpazi, yakateremka kwa nguvu mpaka Nyabugogo. Aliye juu aliamua kujenga na akafaidi. Aliye chini anaambiwa anaishi kwenye hatari, na lawama anapewa yeye. Ningependa ramani nyekundu ichorwe mpaka kilele cha mlima, ioneshe maji yametoka kwenye paa la nani.

Mwishoni mwa 2019 Jiji lilipoanza kuwaondoa watu kwenye ardhi oevu, alama nyekundu za X zilijaa ukutani. Watu huiita alama hiyo towa, na msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Kazi iliyofuata kwenye mabonde siipingi. Bustani ya Nyandungu iliyofunguliwa mwaka 2022 inayapa maji mahali pa kupumzikia. Lakini mwaka huo huo watu wa Kangondo na Kibiraro, mitaa iliyoitwa kwa dharau Bannyahe, waliondolewa Remera baada ya mvutano wa miaka mahakamani. Walitengewa nyumba Busanza, wilayani Kicukiro. Nyumba za Busanza ni imara kuliko zile za mabanzi na udongo walizoziacha, na hilo lisifichwe. Ila waliogoma walitaka fidia ya fedha ili wachague wenyewe pa kwenda, na nadhani madai yao yalisikika vibaya, kama ulafi. Kwangu yalikuwa hesabu ya riziki: mteja wangu yuko Remera, nikifika Busanza nitamuuzia nani?

Mpazi pamefanywa vizuri zaidi. Mwenye kiwanja anakitoa, panajengwa ghorofa pale pale, naye anapewa nyumba ndani yake kulingana na thamani ya alichokuwa nacho. Anaamka asubuhi soko likiwa pale pale, shule ya watoto pale pale, jirani yule yule. Jabali limeondolewa bila kuondoa riziki. Kama kuna kazi ya Jiji ambayo ningetaka ienezwe Gatsata mpaka Jali, ni hii, hata kama inakwenda polepole na inagharimu fedha nyingi.

Nchi hii inajua kugawana mzigo. Kwa mituweli, bima ya afya ya jamii, ugonjwa wa mmoja hubebwa na wote, na kwa miaka mingi wengi wetu tulilipa faranga 3,000 kwa mwaka. Tangu 2019 mkulima anakatiwa bima ya mazao na mifugo huku serikali ikimlipia sehemu ya ada. Sioni kwa nini nyumba ya mtu maskini isiwekewe mfuko wa namna hiyo, na kila anayejenga juu ya mlima achangie kwa ukubwa wa paa lake.

Na yuko mtu ambaye hata Mpazi haimfikii: mpangaji. Hana kiwanja cha kubadilishana na ghorofa. Chumba kikibomolewa, fidia huenda kwa mwenye nyumba, ambaye pengine anakaa Kicukiro penye usalama na alikuwa akipokea kodi ya mteremko kila mwezi. Mpangaji hubeba godoro lake akatafute chumba kingine cha bei ile ile, na chumba cha bei ile ile hupatikana kwenye mteremko mwingine. Kabla rangi nyekundu haijafika ukutani msimu huu, wapangaji waandikwe kwa majina, pamoja na mahali wanapofanyia kazi na kodi wanayoweza kulipa, na orodha hiyo ikae meza moja na orodha ya wenye viwanja.