Kiwanja kizuri, ila unafikaje?

Najua kuna wanaonidai habari ya mitihani, subirini kidogo. Leo naongelea michezo, maana ubishi wa wiki hii hapa bwenini umenikera.

Kwa wale wa nyumbani ambao hawajauona mchezo wenyewe: diski gofu ni gofu kweli, ila badala ya kijipira na fimbo unarusha kisahani cha plastiki, ndugu yake frisbi, mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Basi. Hapa Massachusetts unapendwa sana, na mimi mbongo wa watu nimeshaambukizwa.

Ubishi ni kiwanja kipi kizuri. Ukiuliza hapa Worcester, watu tisa kati ya kumi watakujibu Maple Hill kabla hujamaliza swali. Kipo Leicester, mji mdogo jirani yetu, ndani ya shamba la miti ya Krismasi, na kuna mabwawa ya kumeza diski zako huku unaangalia. Mashindano makubwa ya MVP Open yamefanyika pale kwa miaka mingi. Kwenye programu ya UDisc, ambako wachezaji wenyewe wanatoa alama za viwanja, kimeshika namba moja duniani zaidi ya mara moja. Nimecheza pale mara mbili. Ni kizuri, hilo sibishi.

Ninachobishia ni hizo alama. Jamani, nani anazitoa? Maple Hill ni shamba la mtu, unalipa kiingilio, na kufika unahitaji mchuma au rafiki mwenye mchuma. Kwa hiyo asiyeupenda mchezo hafiki. Mwenye haraka hafiki. Mwanafunzi asiye na gari, kama mimi, anafika siku akionewa huruma. Anayebaki kutoa alama ni yule aliyeendesha masaa matatu kutoka New York, kalala hoteli, kalipa, na fulana kanunua. Huyo umuulize kiwanja kikoje akwambie kibaya? Thubutu! Akisema kibaya si atakuwa amejitukana mwenyewe na pochi yake?

Sasa njoo Newton Hill. Hiki kipo katikati ya Worcester, kilimani, sehemu ya Elm Park, eneo ambalo jiji lilianza kulinunua kwa ajili ya wananchi mwaka 1854. Ni bure. Unafika kwa miguu, au kwa basi la WRTA, ambayo mwaka 2020 iliacha kutoza nauli (daladala bila konda wa kukudai, wabongo mtaota). Miti imebanana, mawe kila mahali, mteremko unakuua magoti. Na wenyeji wanapita na mbwa wao kwenye njia zile zile, unasimama na diski mkononi mpaka mama amalize kuongea na simu.

Basi kinapewa alama za kawaida tu. Na nani anazitoa? Kila mtu! Aliyepita baada ya kazi akiwa kachoka, aliyeleta watoto wakalia, aliyejaribu mara moja akaona upuuzi, mzoefu aliyecheza pale mara mia mbili na hakuna kisiki kinachomshangaza. Kitu kilicho karibu tunakiona na kasoro zake zote kwa sababu tuna muda wa kuziona. Cha mbali tunakiona siku moja, jua linawaka, roho nyeupe.

Wapo watakaosema mbona kuna viwanja vigumu kufika na watu wanavisema vibaya. Kweli, nimewasikia wakilalamikia pakingi ndogo, barabara ya vumbi, kibao cha njia hakuna. Lakini hiyo ni kwa kiwanja kisicho na jina. Kikishapata jina, vumbi lile lile linageuka kuwa sehemu ya raha. Na wala sisemi cha mjini lazima kiwe cha kawaida. Stockholm, Uswidi, kuna Järva, juu ya kilima cha vifusi ndani ya jiji, na wachezaji wanakisifia mpaka huku. Kwa hiyo inawezekana.

Halafu tusisahau mchezo wenyewe ulianzia wapi. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kiliwekwa na Ed Headrick mwaka 1975 pale Oak Grove, California, kwenye bustani ya umma. Hakikuwekwa shambani kwa mtu.

Kwa nini nachonga hivi? Kwa sababu klabu yetu ya chuo inataka kupeleka siku ya watoto wa mtaani Maple Hill mwaka huu, eti "tuwape kilicho bora". Kukodi basi, kulipia viingilio, hela yote ya muhula imekwisha. Mimi nasomea ualimu, na watoto hawa nawajua, wengine nilikuwa nao kwenye mazoezi ya kufundisha. Nyumba nyingi hazina gari. Wapo wawili wametokea Kongo, tunabonga Kiswahili kama kawa. Niliwapeleka Newton Hill na diski za kuazima, mdogo akarusha ikagonga mti, ikarudi nyuma yetu. Akacheka mpaka akakaa chini. Swali lake lilikuwa moja tu: "Mwalimu, na kesho tunaweza kuja sisi wenyewe?"

Nikamjibu ndiyo, mkija na mkubwa. Kwa Maple Hill ningemjibu nini? Kwamba arudi akishapata leseni?

Kiwanja ambacho mtoto atakiona mara moja maishani hakimfundishi kurusha, kinampa picha ya kuonyesha. Hela ile ile inanunua diski za kutosha kila mtoto aondoke na yake, na chenji inabaki ya pizza.

Kura ni Alhamisi saa moja jioni, chumba kile kile cha klabu. Wenye magari najua mtakuja kwa wingi, nyie mnafika popote. Wenzangu wa basi, tafadhali, tukutane kituoni saa kumi na mbili na nusu twende pamoja.