Ngoma Haikai mu Damu

Katika mkutano wa chama chetu tulileta neno moja, na wenzetu wakatucheka. Tulisema: kabla ya kununua vitenge vya sherehe ya mwaka huu, tukae kwanza tusikilize kazi ya kundi moja la Vienna, kule Austria, linaloitwa Concentus Musicus. Mzee mmoja tunayemheshimu akajibu mbele ya wote: « Ile ni miziki ya bazungu bafu. Sisi yetu iko muzima, iko mu damu. » Watu wakapiga makofi. Siku ile tulinyamaza juu ya heshima. Leo tunaandika, ili kimya chetu kisigeuke kuwa kukubali.

Tuanze na hao wafu. Muziki unaoitwa baroko ni ule wa Ulaya tangu karibu mwaka 1600 mpaka 1750, mwaka aliokufa Johann Sebastian Bach. Wengi kwetu wanafikiri Wazungu waliupokea kwa wazazi wao sawa mtu anavyopokea shamba. Hapana. Waliuacha. Mateso ya Bwana Yesu kwa Matayo, kazi kubwa ya Bach, ilinyamaza miaka mingi mpaka kijana Mendelssohn alipoirudisha mjini Berlin mwaka 1829. Na hata iliporudi, iliimbwa kwa namna ya wakati ule, na korale kubwa kupita kiasi. Kadiri miaka ilivyopita violoni zilibadilishwa shingo, na nyuzi za utumbo wa kondoo zikaachia nyuzi za chuma fasi yao. Klavesini ilifukuzwa na piano. Viola da gamba, ile inayoshikwa katikati ya magoti, karibu wote waliisahau. Hakubaki mzee hata mmoja wa kuulizwa: Baba, ninyi mulikuwa munapigaje?

Mwaka 1953 kijana Nikolaus Harnoncourt, aliyekuwa anapiga selo katika orkestra moja kubwa ya Vienna, pamoja na bibi yake Alice, mpiga violoni, walikusanya wenzao wachache. Mkate walikuwa wanautafuta katika orkestra. Saa za kupumzika walikutana nyumbani, wakatoa vyombo vya zamani, wakafungua vitabu ambavyo walimu wa muziki wa karne ya 18 waliwaandikia wanafunzi wao: namna ya kushika upinde, fasi gani ya kukaza, fasi gani ya kulegeza, fasi gani ya kuvuta pumzi. Walikosea, wakarudia, wakakosea tena. Konseri yao ya kwanza mbele ya watu ilikuja mwaka 1957. Hesabu, musomaji: miaka minne bila makofi. Sisi tunakutana mara mbili kabla ya sherehe, na mara ya pili nusu ya watu hawafiki juu ya mvua.

Kisha walianza kurekodi. Mwaka 1964, konseri za Brandenburg za Bach. Mwaka 1970, hayo Mateso ya Matayo. Mwaka 1971 waligawana kazi na Gustav Leonhardt wa Amsterdam: cantata zote za kanisa za Bach, karibu 200, moja moja, mpaka ya mwisho. Iliwachukua karibu miaka 20. Upande wa Leonhardt iliimba pia Collegium Vocale ya Gent, korale iliyoanzishwa na wanafunzi mwaka 1970 kule Ubelgiji, ile Ubelgiji ambayo sisi tunaiwaza kila siku juu ya viza tu.

Sanduku za diski zile tulizijua tukiwa masomoni, miaka ya 1990. Padri aliyetufundisha Kilatini alikuwa nazo. Ndani, pamoja na diski, kulikuwa noti zote zilizochapwa, ili musikilizaji afuate na kidole. Tuseme kweli: sauti ile haikutupendeza. Ilikuwa kavu, yenye kukwaruza. Tarumbeta zisizo na vifungo zilikuwa zinateleza. Soprano ilikuwa mtoto mwanamume, na fasi nyingine ulisikia pumzi inamwishia. Hata leo kuna kurasa ambazo tunaona zingerekodiwa mara moja tena. Lakini mukwaruzo ule tuliufahamu, kwani tulikuwa tumeusikia kwetu. Fundi wa kisanji anatia pete ndogo za chuma kwenye funguo zake makusudi, ili sauti ilie « zzz ». Bila ile « zzz » mzee anakuambia kisanji hakijasema. Harnoncourt alirudisha mukwaruzo uliokuwa umepanguswa. Sisi tunapangusa wetu: piano ya umeme inapiga ngoma ya ndani ya mashini, na ngoma ya ngozi inalala nyuma ya sakristia, imefunikwa na viti vya plastiki.

Watu watasema: wewe mwalimu unasifu kundi lile kana kwamba lilimfufua Bach mwenyewe. Hapana, na tusidanganyane. Mwanachuoni wa Marekani, Richard Taruskin, aliandika kwa ukali kwamba sauti inayoitwa « ya kale » ni ladha ya karne ya 20 iliyovaa nguo za karne ya 18. Sisi tunaona ana haki kwa sehemu kubwa. Hakuna aliyesikia kanisa la Leipzig wakati wa Bach. Lakini neno lake linatutia nguvu. Kama watu wale walitengeneza kitu kilicho hai kwa vitabu na kwa kazi, ingawa kamba ilikuwa imekatika, sisi tutajitetea na nini, wakati kamba yetu bado inashikilia kwa uzi mumoja au mbili?

Sasa turudi mu damu. Mababu wetu wenyewe hawakuamini maneno hayo. Waluba walikuwa na mbudye, chama cha watu waliochunga historia ya ufalme, na lukasa, kibao chenye shanga, kilichowasaidia kukumbuka. Mtu hakuzaliwa anajua kusoma lukasa. Alifundishwa, akapanda daraja kwa daraja. Kasala vilevile: yule anayetaja majina ya ukoo na sifa zake mbele ya maiti amejifunza miaka mingi kwa aliyemtangulia. Kama ingekuwa mu damu, watoto wetu wangeiamka nayo asubuhi. Waulize leo wataje majina ya sifa ya babu yao. Watakutajia wachezaji wa mpira wa Ulaya, na benchi pia.

Tulikuwa na jirani mzee, fundi wa kisanji. Miaka sita tulipita mbele ya mulango wake tukienda kufundisha. Tulimusalimia, tukasema tutakuja siku moja na telefone kumurekodi. Telefone ilikuwa mufukoni. Alipokufa tulipeleka mchango wa kilio, na mtoto wake alituambia kisanji kilichezewa na wajukuu mpaka funguo zikaisha. Hatuandiki hii kwa kujipiga kifua. Tunaandika kwani katika mkutano ule, kati ya waliopiga makofi, zaidi ya mumoja walikuwa wanamujua mzee huyu.

Na yaliyorekodiwa yamekaa. Mwaka 1958 vijana wa Kamina, Les Troubadours du Roi Baudouin, pamoja na Padri Guido Haazen, waliipeleka Missa Luba Ulaya. Waliokuwa wanaimba walikuwa wanatunga mengi palepale mudomoni. Kama mashini ya kurekodi isingekuwa pale, leo tungesema tu « zamani kulikuwa misa moja nzuri ». Hugh Tracey naye alipita kwa Waluba na Kanyok mwaka 1952 na 1957. Kanda zake zinachungwa Afrika Kusini, katika nyumba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Tervuren kuna vyombo na sauti zetu pia. Basi vitabu vya walimu wa kale, vile Harnoncourt alivyovitafuta, nasi tunavyo. Havikuandikwa na wino, vimeandikwa katika kanda. Tunapaswa kuviomba, kwa barua, na kuvisikiliza na wazee kabla hawajatuacha: hii ni nini, anasema nani, mukono wa kushoto unafanya nini?

Wale wanaosema baroko si yetu, tuwakumbushe Serge Kakudji, mtoto aliyezaliwa Kolwezi, mwenye sauti ya juu ya mwanaume. Mwaka 2014, katika « Coup Fatal » ya Alain Platel na Fabrizio Cassol, aliimba nyimbo za Händel na Monteverdi, na nyuma yake wanamuziki wa Kinshasa wakapiga likembe na gitaa. Fasi ya kwanza walipoionyesha ilikuwa Vienna. Watu wa mji wa Harnoncourt walikaa kusikiliza likembe. Sisi tunaitoa mara moja kwa mwaka, dakika kumi, na sketi ya rafia juu ya jinzi, mukubwa wa serikali akishafika.

Harnoncourt aliaga dunia tarehe 5 Machi 2016. Concentus Musicus ingali inapiga, na watu wengine mbele.

Ombi letu linabaki lilelile. Nusu ya feza za vitenge ilipie vijana wawili na mafundi wawili, mumoja wa madimba, mumoja wa kisanji, kila Posho mchana, katika salle ya masomo yetu ambayo siku hiyo haina watu. Kila Posho warekodi, waandike tarehe, waandike jina la wimbo na jina la fundi. Miaka minne wasiitwe kwenye sherehe yoyote. Mweka hazina alituuliza: « Na bageni batatazama nini? » Wataona tumevaa vitenge vya mwaka jana. Bado havijapauka.