Picha Tuli Zisigeuzwe Vikaragosi

Wapo wanaoshangilia kwamba kompyuta sasa "inafufua" picha za kale: babu aliyekwisha zikwa anapepesa macho, bibi anageuza shingo, umati unatembea. Hiyo huitwa sanaa. Jina lake stahiki ni ushahidi wa uongo.

Na itazamwe Rungwe. Wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani walifika huko mwaka 1891, wakajenga chini ya mlima Rungwe. Tukuyu, jirani yao, watawala wa Kijerumani wakaiita Neu-Langenburg. Picha walizopiga wamisionari hao zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani, na nyingi zimewekwa katika intaneti. Katika picha za namna hiyo, aghalabu mmisionari ana jina; Mnyakyusa aliyesimama kando yake ni "mwanafunzi" au "mwanamke" tu. Amekwisha nyimwa jina. Je, anyang'anywe na utulivu wake?

Maana hesabu yenyewe haina siri. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Programu ikipewa picha 2 iziunganishe katika sekunde hiyo, fremu 22 zitakuwa zimebuniwa na mashine kwa kukisia. Mwanamke wa Rungwe atainua mkono ambao huenda hakuuinua kamwe, na mjukuu wake atakaa akiamini.

Mtetezi atajibu kuwa kila msanii hubuni. Naam, hubuni, lakini mshairi hubuni kwa kinywa chake na kutia jina lake. Huyu anabuni kwa mwili wa marehemu asiyeweza kukana.

Kosa si la kompyuta. Mwaka 1962, Mfaransa Chris Marker alitoa La Jetée, filamu ya dakika 28 iliyoundwa karibu yote kwa picha tuli. Mara moja tu mwanamke anafumbua macho, na mtazamaji hushtuka, kwa sababu utulivu uliotangulia uliheshimiwa. Na tangu mwaka 2001, Casey Reas na Ben Fry walipoanzisha Processing, lugha ya programu inayotolewa bure, msanii anaweza kujitungia sheria za filamu yake: picha ikae muda gani, ifuatwe na ipi, giza liingie wapi.

Mpenzi wa ushairi hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwani hiyo ni mizani. Mshororo wenye mizani 16, 8 kwa 8, humfunga mtunzi, na katika kufungwa huko ndimo uhodari wake hupimwa. Basi picha ya Rungwe na ikae sekunde 8, fremu 192 zisizoguswa. Lifuate giza la sekunde 8, na katika giza hilo isikike sauti ya mzee akisimulia kwa Kinyakyusa anachokitambua: mlima, vazi, ukoo. Pengo hilo ni la haki. Ndilo linalosema kwamba kuna mambo yaliyopotea.

Kwa hiyo anayetaka kutengeneza filamu ya namna hii, hapana budi azipeleke picha Tukuyu kwanza, awaulize wazee, kisha ndipo aandike programu. Asiyeweza kumrudishia marehemu jina lake hana ruhusa ya kumchezesha.