Nani analipwa kwanza?
Mwaka 2018 kampuni ya FanDuel, iliyoanzia Edinburgh, iliunganishwa na biashara ya Marekani ya kampuni ya Paddy Power Betfair, FanDuel ikithaminiwa dola milioni 465. Waanzilishi hawakuambulia hata senti. Wawekezaji wenye hisa za upendeleo walikuwa na haki ya kulipwa kwanza, hadi takriban dola milioni 559, kiasi kilichozidi thamani hiyo.

Vijana wa Nairobi wanaotafuta mtaji hukodolea macho kiasi kinachoingia, na hilo linatusikitisha. Kipengele cha kuchambua ni hiki: kampuni ikiuzwa, mwekezaji anarudishiwa mtaji wake mara ngapi kabla ya wengine? Mara moja inavumilika. Mara mbili ikataeni, na mwanasheria awe wenu, si wa mwekezaji.