Acha Kunihubiria Nidhamu ya Wazungu

Kila anayerudi kutoka Ujerumani huja na mahubiri yale yale. "Huko stesheni hazina geti. Unaingia tu, unapanda treni, hakuna wa kukuuliza. Sisi hapa? Tungepanda bure wote. Hatuna nidhamu." Nasi tunatikisa vichwa, kana kwamba tumesomewa hukumu ya haki.

Mimi nakataa.

Ni kweli, stesheni kuu ya Frankfurt haina geti. Unatoka barabarani hadi mlango wa behewa bila kumwonyesha mtu karatasi. Lakini treni ikishaondoka, mkaguzi anapita. Huna tiketi? Faini yuro 60. Tena ni kosa la jinai, na wapo waliofungwa kwa sababu hiyo. Wajerumani hata wana jina la abiria wa bure: Schwarzfahrer. Watu hawaundi jina la kitu ambacho hawajakiona. Hao si malaika, jamani. Wamewekewa utaratibu unaofanya kazi.

Na utaratibu wenyewe unasomeka. Ukutani kuna bango la manjano la treni zinazoondoka, saa baada ya saa, pamoja na namba ya reli. Bango jeupe ni la zinazofika. Ukiyachanganya utakuwa unangoja treni inayotoka kule unakotaka kwenda. Kando ya reli kumetundikwa herufi A, B, C, na skrini inakuonyesha behewa lako litasimama penye herufi gani. Kisha kuna treni zinazokatwa mara mbili njiani, kila nusu ikashika njia yake. Keti nusu isiyo yako, na tiketi yako halali mkononi, utajipata mji mwingine. Ndiyo maana unasoma pia maandishi yaliyo kwenye behewa lenyewe. Hayo yote hayamo kwenye damu ya mtu. Yameandikwa. Mtoto wa Kayole atayasoma sawa na mtoto wa Köln.

Ati treni zao hazichelewi? Mwaka 2024, ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizohesabiwa kuwa zimewahi, na huko hata ikichelewa dakika 5 inahesabiwa imewahi. Tofauti iko hapa: treni ikikuchelewesha saa 1, unadai robo ya nauli yako, saa 2, nusu. Hiyo si tabia njema ya mtu. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya.

Sasa njoo Syokimau. Abiria wa SGR huanza safari kwa kupanga mizigo chini na kusogea kando ili mbwa wanuse. Halafu mashine, halafu kitambulisho, halafu foleni nyingine. Usalama? Sawa, tumeumia kama taifa, sibishi. Hata Uhispania hupitisha mizigo ya treni za masafa marefu kwenye mashine. Ila ukaguzi juu ya ukaguzi haumfunzi mtu nidhamu. Unamfunza kwamba yeye ni mshukiwa aliyelipa nauli.

Na nidhamu tunayo! Pita steji za katikati ya Nairobi saa 12 jioni. Foleni ya matatu imekunja kona, hakuna askari, hakuna mbwa, na ole wako ujaribu kuruka laini.

Shida ya mahubiri haya ni kwamba yanamwondolea mzigo anayepaswa kuubeba. Ukisema Mkenya ndiye mbovu, basi hakuna wa kuulizwa kwa nini foleni ni tatu badala ya moja, wala treni ikichelewa abiria anarudishiwa ngapi, na hilo limebandikwa ukuta gani.

Mimi nataka hayo majibu yabandikwe kwanza, kwa herufi kubwa, pale kila abiria anapita. Nidhamu yetu wataipima baadaye.