Mchora ramani wa Kola apige kura
Na Ndinda Musyoka

Anayesafiri kutoka Machakos kwenda Wote hupita Kola, na akifungua OpenStreetMap kwenye simu anaweza kuifuata barabara hiyo bila kulipia ramani. Steve Coast aliianzisha ramani hiyo London mwaka 2004, na wachoraji wake ni wananchi popote walipo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka mitaani mwao na vifaa vya GPS, wakaweka kwenye OpenStreetMap vyoo, zahanati na vibanda vya maji mahali ambapo ramani za mtandaoni zilikuwa tupu.

Siku hizi wanaojitolea hawako peke yao. Apple, Amazon, Microsoft na Meta zina watu wanaolipwa mshahara kuihariri ramani hiyohiyo. Hapo hakuna ubaya: barabara iliyochorwa na mwajiriwa humfaa mwendesha bodaboda wa Kola sawa na iliyochorwa na jirani yake. Shida huanza mshahara unapofika kwenye kura.

OpenStreetMap husimamiwa na wakfu uliosajiliwa Uingereza mwaka 2006, wenye bodi ya watu 7 wanaochaguliwa na wanachama. Katikati ya Novemba 2018, wiki chache kabla ya uchaguzi, watu wapatao 100 waliomba uanachama kwa mkupuo, wakiwa wafanyakazi wa kampuni moja, GlobalLogic. Ikabidi wakfu uchunguze. Wapiga kura wakiwa mamia tu, kundi la ukubwa huo linaweza kuamua nani aketi kwenye bodi.

Pasipo kura kabisa, mambo huwa mabaya zaidi. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliamua yenyewe kubadilisha leseni ya Terraform, iliyokuwa programu huria ambayo mafundi wengi huitumia kusimamia seva, na waliochangia msimbo wake wakabaki kupokea taarifa. Baadhi yao walichukua toleo la mwisho lililokuwa huru, wakaanzisha OpenTofu chini ya Linux Foundation.

Ukambani utaratibu wa haki unajulikana. Matuta mengi ya vilima vya Machakos yalichimbwa kwa mwethya: kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake, na kikundi kikajichagulia viongozi. Aliyechimba alikuwa na neno.

OpenStreetMap ina kanuni inayokaribia hiyo. Ada ya kawaida ya uanachama ni pauni 15 kwa mwaka, lakini tangu 2020 aliyeihariri ramani walau siku 42 ndani ya mwaka anaweza kuomba uanachama bila ada. Kazi yenyewe iko mkononi mwa yeyote mwenye simu ya Android. Programu ya StreetComplete humuuliza aliyesimama njiani: hapa ni lami, changarawe au udongo? Akijibu, jibu huingia kwenye ramani na siku yake huhesabiwa.

Chuo Kikuu cha Machakos na vyuo vya ufundi vya kaunti viwape wanafunzi zoezi hili, kisha viwasaidie kuomba uanachama. Kampuni kubwa zinajua bodi ya wakfu ina uzito gani. Vijana wa Kola, ambao njia za kwao ndizo zinazochorwa, wawe kwenye daftari la wapiga kura wa wakfu huo kabla ya uchaguzi wake ujao.